Safu ya Apenini kule Mwezini: ilitoka wapi, ina kimo gani, na jinsi ya kuipima kwa kivuli chake

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwanza: "Nina darubini ndogo yenye lenzi ya milimita 70. Mwezi ukifika nusu naona safu ya milima iliyopinda kama upinde, karibu na katikati ya mstari unaogawa giza na mwanga. Vilele vingine vinang'aa peke yake ndani ya giza. Hiyo ni milima gani? Inafikia Kilimanjaro? Na kama Mwezi hauna mabamba yanayosukumana kama ya Dunia, ilitoka wapi? Mwisho, naweza kuipima mwenyewe bila vifaa vya gharama?"

Ndugu yangu, ulichokiona ni Montes Apenninus, yaani Milima ya Apenini ya Mwezini. Jina limeazimwa Italia. Aliyeanza kuipa milima ya kule majina ya milima ya Duniani ni Johannes Hevelius wa Gdańsk, katika ramani zake za Mwezi alizochapisha mwaka 1647. Majina yake mengi yaliachwa, hili limebaki. Safu ina urefu wa kilomita 600 hivi, karibu sawa na mwendo wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Upande wa kusini-magharibi inaanzia kwenye kreta ya Eratosthenes, shimo la mviringo lenye upana wa kilomita 59, kisha inapinda kuelekea kaskazini-mashariki mpaka kwenye rasi ya Promontorium Fresnel. Hapo kuna pengo, na ng'ambo ya pengo inaanza safu nyingine, Montes Caucasus. Ule uwanda mweusi ulio upande wa ndani wa upinde ni Mare Imbrium, Bahari ya Mvua. Nyuma ya milima, upande wa kusini-mashariki, kuna uwanda mdogo zaidi, Mare Vaporum. "Bahari" hizi hazina tone la maji. Ni lava iliyoganda.

Kabla ya kwenda mbali, geuza ramani yako. Ramani nyingi za Mwezi zimechorwa kaskazini ikiwa juu, na hilo huwafaa watu wa Ulaya. Kwetu karibu na ikweta, Mwezi nusu unakuwa utosini au karibu nako jua linapozama, na kadiri usiku unavyosonga unashuka magharibi huku umejilaza: upande wenye mwanga unaangalia chini, na kaskazini ya Mwezi iko mkono wako wa kulia. Tena darubini ya lenzi yenye kile kipande cha pembe chenye kioo, kinachokuwezesha kutazama bila kuvunja shingo, hubadilisha kulia na kushoto. Watu wengi hushindwa kuipata safu kwenye ramani kwa sababu hiyo tu, wakadhani wameona kitu kisichoandikwa. Tafuta kwanza doa jeusi la mviringo lililo karibu na ukingo wenye mwanga: hilo ni Mare Crisium, nalo liko mashariki ya Mwezi. Kisha tafuta kreta tatu zilizokaa pamoja ndani ya upinde wa Apenini: Archimedes, pana kuliko zote na yenye sakafu laini kama sahani, Aristillus na Autolycus. Ukizipata hizo tatu hupotei tena.

Sasa Kilimanjaro. Tunaposema mita 5,895 tunahesabu kutoka usawa wa bahari. Mwezi hauna bahari ya maji, kwa hiyo kimo cha mlima wa kule hutajwa kwa njia mbili: kutoka kwenye tufe la kukadiria lenye nusu kipenyo cha kilomita 1,737.4, au kutoka kwenye uwanda ulio miguuni pa mlima. Vitabu vingi vikisema Mons Huygens, kilele kirefu kuliko vyote katika safu hii, kina kimo cha kilomita 5.5 hivi, vinahesabu kutoka kwenye uwanda. Ukitaka kulinganisha kwa haki, ihesabu Kilimanjaro vivyo hivyo. Mji wa Moshi uko kwenye mita 900 hivi, kwa hiyo mlima unasimama takriban kilomita 5 juu ya mtu aliyepo Moshi. Kwa kipimo hicho Mons Huygens unaizidi Kilimanjaro kidogo. Wenzake ni Mons Hadley, kilomita 4.5 hivi, Mons Bradley, kilomita 4 na kidogo, na Mons Hadley Delta, kilomita 3.5 hivi. Lakini usiseme kwamba Huygens ndipo mahali pa juu kuliko pote Mwezini. Mahali hapo ni upande usioonekana kutoka Duniani, karibu mita 10,800 juu ya tufe la kukadiria, nako si kilele cha mlima bali ni nyanda za juu zilizoinuka polepole.

Ilitoka wapi? Hapa ndipo penye uzito wa swali lako, na jibu lake linabadilisha namna unavyoitazama safu nzima. Kilimanjaro ilijengwa: volkano ilitapika, lava ikalala juu ya lava kwa mamia ya maelfu ya miaka. Himalaya ilikunjwa: bara lilisukuma bara. Apenini ya Mwezi haikujengwa wala haikukunjwa. Ni ukingo wa shimo. Takriban miaka bilioni 3.9 iliyopita jiwe kubwa mno la angani liliugonga Mwezi na kuchimba bonde la Imbrium, lenye kipenyo cha kilomita 1,150 hivi. Milima unayoiona ni sehemu ya mdomo wa bonde hilo. Montes Caucasus ni sehemu nyingine ya mdomo huohuo, na Montes Carpatus, kusini mwa Imbrium, ni sehemu nyingine tena. Chukua ramani, weka bikari katikati ya Mare Imbrium, zungusha, utaona safu hizo tatu zinafuata duara moja.

Tukio lenyewe halikuchukua mamilioni ya miaka. Mgongano wa ukubwa huo huanza na kumaliza kazi yake kubwa ndani ya saa chache. Kwanza mawe ya ganda la Mwezi yanasukumwa chini na pembeni, yanarushwa nje, na shimo la kwanza linafunguka likiwa na kina kikubwa kuliko linavyoweza kujishikilia. Kisha kuta zinakatika. Vipande vya ganda vyenye upana wa makumi ya kilomita vinateleza kuelekea ndani, na mahali vilipokatikia panabaki genge. Genge hilo ndilo uso mkali wa Apenini unaotazama Imbrium. Upande wa nyuma, kuelekea Mare Vaporum, ardhi inashuka polepole kwa sababu imefunikwa na vifusi vilivyorushwa kutoka shimoni.

Ukitaka kupata picha ya umbo hilo kwa karibu, simama Mto wa Mbu utazame ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara: mbele ukuta, nyuma nyanda zinazoendelea bila kushuka ghafla. Chanzo ni tofauti kabisa, kwani pale Manyara ganda la Dunia linavutwa polepole mpaka linakatika, lakini mkato wenyewe unafanana: kipande kimoja cha ardhi kimeshuka, kingine kimebaki juu.

Lava ilikuja baadaye sana. Mawe ya basalti yaliyookotwa kwenye uwanda ulio miguuni pa Mons Hadley yana umri wa miaka bilioni 3.3 hivi, maana yake shimo lilikaa zaidi ya miaka milioni 500 kabla ya lava hiyo kumwagika pale. Lava ilifunika pete za ndani za bonde, na vilele vichache tu vikabaki vimetoa vichwa juu kama visiwa: Mons Piton na Mons Pico ni viwili kati ya hivyo. Nitarudi kwa Piton, kwa sababu una kazi nao.

Vifusi vya mgongano huo vilienda mbali. Mifereji na matuta yaliyonyooka kama miale kutoka Imbrium yalimshtua mwanajiolojia wa Marekani, Grove Karl Gilbert, katika miaka ya 1890, akaeleza kwamba yalichongwa na mawe yaliyorushwa kutoka kwenye pigo moja. Wakati huo wengi waliamini kreta za Mwezi ni za volkano. Apollo 14 ilitua Februari 1971 kwenye eneo la Fra Mauro kwa makusudi ya kuchukua vifusi vya Imbrium.

Miezi michache baadaye watu walifika kwenye safu yenyewe. Tarehe 30 Julai 1971 Apollo 15 ilitua kwenye uwanda mwembamba kati ya Mons Hadley na Mons Hadley Delta, kando ya korongo la Rima Hadley. Alfred Worden alibaki kwenye chombo kilichozunguka Mwezi. David Scott na James Irwin walishuka, wakatumia kigari cha kwanza kuendeshwa na binadamu Mwezini, wakaenda jumla ya kilomita 28 hivi na kurudi na kilo 77 za mawe na udongo. Agosti 1, kwenye mteremko wa Hadley Delta, kando ya kreta ndogo iitwayo Spur, waliliona jiwe jeupe limekaa juu ya bonge la vumbi kama limewekwa pale. Lina uzito wa gramu 269 na namba yake ni 15415. Ni anothositi, karibu lote ni madini ya aina moja meupe, plajioklesi, na umri wake unazidi miaka bilioni 4. Jiwe la namna hiyo ni kipande cha ganda la kwanza la Mwezi, lile lililoelea juu kama ukoko wa uji wakati Mwezi mzima ulikuwa bado umeyeyuka. Ndiyo maana wanajiolojia walitaka kwenda mlimani, si uwandani tu. Mgongano uliinua na kutupa juu vitu vya zamani kuliko mgongano wenyewe. Uwanda una lava iliyokuja mwisho, mlima una kilichokuwepo mwanzo.

Picha za safari hiyo zilileta mshangao mwingine, na linakuhusu wewe unayetazama kwa darubini. Kwenye darubini Apenini inaonekana kali kama meno ya msumeno. Ana kwa ana, Mons Hadley ni mlima wa mviringo, laini, wenye mabega mapana, hauna genge tupu wala ncha. Miteremko mingi ya kule haizidi digrii 30. Hakuna mvua wala upepo wa kuichonga, lakini vimondo vidogo sana vimeipiga kwa miaka bilioni karibu 4, na kila pigo linasukuma vumbi kidogo kuelekea chini. Ukali unaouona ni kazi ya kivuli. Jua likiwa digrii 4 tu juu ya upeo, kilima cha kilomita 1 hutupa kivuli cha zaidi ya kilomita 14, na kila kijinundu cha mgongo wa mlima kinachorwa uwandani kama mkuki. Siku nne baadaye, vivuli vikishafupika, mahali hapohapo pataonekana madoa meupe tu, na Mwezi ukiwa mpevu utapata shida hata kuamini kuna milima.

Kwa hiyo wakati wa kutazama ni jambo la kwanza. Safu hii iko karibu na mstari wa kati wa uso wa Mwezi, ndiyo maana jua linaichomozea Mwezi ukiwa nusu. Kwa wanaofuata mwezi mwandamo, tafuta kati ya tarehe 7 na 9. Usiku wa kwanza utaona vilele gizani, wa pili vivuli virefu vimelala juu ya Imbrium, wa tatu vimefupika lakini umbo lote liko wazi. Kuna nafasi ya pili Mwezi ukirudi nusu kwa upande mwingine, takriban siku 14 au 15 baadaye, lakini hapo itabidi uamke alfajiri. Wakati huo jua linazama kule, linapiga uso mkali wa safu moja kwa moja, na genge lote linawaka kwa weupe. Wengi huona hiyo ndiyo sura yake nzuri kuliko zote. Kwa kupima kimo, lakini, haifai: vivuli vinaangukia mgongo wa nyuma wenye vilima vingi. Pima wakati wa nusu ya kwanza.

Darubini yako inatosha. Lenzi ya milimita 70 inaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa kilomita 3 hivi Mwezini. Korongo la Rima Hadley lina upana wa kilomita 1.5, kwa hiyo usihuzunike ukilikosa. Korongo hilo linahitaji darubini ya milimita 150 au zaidi na anga tulivu. Chombo cha Apollo 15 kilichobaki pale hakionekani kwa darubini yoyote iliyo Duniani. Kilichokipiga picha ni chombo cha LRO cha Marekani, kinachouzunguka Mwezi tangu 2009. Ukuzaji wa mara 70 mpaka 120 unatosha, na maandishi ya boksi yanayodai mamia ya mara usiyafuate: ukivuka mara 140 kwa lenzi ya 70 unakuza ukungu tu. Toa darubini nje nusu saa kabla, ipoe. Usitazame kupitia dirisha, na usielekeze juu ya paa la bati saa za mwanzo wa usiku, kwa sababu bati linaachia joto la mchana na hewa juu yake inachemka kama maji ya sufuria. Ukiona milima inatikisika kama iko chini ya maji, hama sehemu, ukae kwenye nyasi.

Sasa kupima. Kwanza vile vilele vinavyong'aa gizani, kwa sababu hapo ndipo kazi hii ilipoanzia. Mstari wa giza na mwanga, Mwezi ukiwa nusu ya kwanza, ni mstari wa mawio: mtu akisimama pale analiona jua likichomoza. Kilele kirefu huliona jua kabla ya uwanda ulio chini yake, kama vile theluji ya Kibo inavyowaka kabla Moshi hakujapambazuka. Galileo aliliona hilo mwaka 1609, na katika chapisho lake la 1610 alieleza hesabu: akachukua kilele kilichowaka kwa umbali wa sehemu moja ya ishirini ya kipenyo cha Mwezi kutoka kwenye mstari, akapata kimo cha zaidi ya maili 4 za Kiitalia. Alizidisha kidogo, lakini njia ni sahihi. Kwa kilomita hesabu ni hii:

kimo = umbali kutoka mstari wa mawio × umbali huohuo ÷ 3475

Namba 3475 ni kipenyo cha Mwezi kwa kilomita. Kilele kinachowaka kilomita 100 ndani ya giza kina kimo kisichopungua kilomita 2.9. Nasema kisichopungua kwa sababu huenda kilianza kuwaka saa kadhaa kabla hujatazama, kikiwa mbali zaidi na mstari. Udhaifu wa njia hii ni mstari wenyewe: haukatiki kama wembe, unafifia, na kila jicho linauweka mahali pake.

Kivuli ni bora. Utahitaji picha moja nzuri, kikokotoo cha simu chenye tan na sin, na programu ya bure ya kompyuta inayoitwa Virtual Moon Atlas, itakayokupa mahali jua lilipo kwa dakika uliyopiga picha.

Picha ipige kwa simu iliyofungwa kwenye lenzi ya jicho kwa kishikizo. Kushika kwa mkono hakufai. Gusa Mwezi kwenye kioo, kisha shusha mwangaza mpaka sehemu nyeupe za milima zianze kuonyesha rangi ya kijivu. Picha iliyoungua hufanya weupe umwagikie kwenye kivuli na kukifupisha. Baadhi ya simu huutambua Mwezi na "kuuboresha" kwa kuongeza maelezo ambayo lenzi haikuyaona. Zima kipengele hicho, la sivyo utapima mlima uliochorwa na simu. Ukipenda, chukua video ya nusu dakika na uipitishe kwenye AutoStakkert, ambayo nayo ni ya bure. Itachagua fremu tulivu na kuziunganisha.

Hatua inayofuata ni kipimio. Archimedes ina kipenyo cha kilomita 81. Pima upana wake kwa pikseli, kutoka mashariki kwenda magharibi tu. Usipime kaskazini-kusini, kwa sababu kreta iko kwenye digrii 30 kaskazini na tunaiona imebonyea upande huo. Tuseme umepata pikseli 54: basi kila pikseli ni kilomita 1.5. Halafu pima kivuli cha Mons Huygens, kutoka kileleni mpaka ncha yake uwandani. Tuseme pikseli 41, yaani kilomita 61.5.

Kisha pembe ya jua. Programu itakupa namba mbili: kolongitudo, ambayo ni mahali mstari wa mawio ulipofika, na latitudo ya jua, ambayo Mwezini haizidi digrii 1.6 kaskazini au kusini. Mons Huygens uko latitudo 20 kaskazini, longitudo 2.9 magharibi. Hesabu:

sin ya pembe = sin 20 × sin ya latitudo ya jua + cos 20 × cos ya latitudo ya jua × sin ya (kolongitudo − 2.9)

Ikiwa kolongitudo ni 9.3 na latitudo ya jua ni 0, pembe inatoka digrii 6.0. Na kimo ni:

kimo = kivuli × tan ya pembe − kivuli × kivuli ÷ 3475

Yaani 61.5 × 0.1051, ambayo ni 6.46, toa 1.09, unabaki na kilomita 5.4. Ile 1.09 unayoitoa ni upinde wa Mwezi. Uwanda unashuka chini ya kivuli kinavyokwenda mbali, kwa hiyo kivuli kinarefuka kuliko ambavyo kingekuwa juu ya meza tambarare. Anayetumia hesabu ya mlingoti na kivuli kama ya shuleni, bila kutoa kitu, atatangaza mlima wa kilomita 6.5.

Makosa yanayoharibu kazi hii yana ukubwa tofauti, na inafaa ujue lipi la kuogopa. Pikseli moja ya kivuli inabadilisha jibu kwa mita 100 tu. Ncha ya kivuli haikatiki, kwa sababu jua si nukta bali ni duara lenye upana wa nusu digrii. Kwenye mfano wetu ncha inafifia katika urefu wa kilomita 8, pikseli 5 hivi, na unapaswa kuchukua katikati ya kufifia huko. Hapo unaweza kukosea mita 200. Ukipuuza latitudo ya jua, pembe inaweza kukosea nusu digrii, na hiyo peke yake ni nusu kilomita ya mlima.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la saa. Ukipiga picha saa 2 na nusu usiku, hiyo ni 20:30 kwa saa za kimataifa za kuhesabu 24, na kwa majira ya dunia ambayo programu nyingi hutumia ni 17:30. Kuna kugeuza mara mbili: kwanza ongeza 6 na uhesabu kwa 24, kisha toa 3. Mtu akisahau ile 3, jua linakuwa limepandishwa karibu digrii moja na nusu, na Mons Huygens unaongezeka kilomita 1.5 bila sababu. Hakikisha pia kikokotoo kiko kwenye digrii, si radiani. Tan ya 6 ikitoka namba hasi, ujue kosa ni hilo.

Linabaki jambo moja ambalo hesabu haiwezi kulirekebisha: pale ncha ya kivuli inapoangukia. Mbele ya Apenini kuna vilima vidogo na mabenchi ya ardhi iliyoinuka kabla ya kufika uwandani kabisa. Kivuli kikipanda kilima kinafupika, na mlima unapungua. Tazama picha kwa makini: ncha iliyonyooka na kulala juu ya sehemu nyeusi laini inaaminika, iliyopinda au kukatika ghafla haiaminiki. Piga picha mara tatu kwa kuachana saa moja. Kila saa mstari wa mawio unasonga nusu digrii, kivuli kinafupika, na ncha inahamia ardhi nyingine. Majibu matatu yakikaribiana, umepata kimo. Yakipishana kwa zaidi ya nusu kilomita, moja kati ya ncha hizo imeangukia mwinuko.

Kwa kuanzia nakushauri usianze na Huygens. Anza na Mons Piton, ule niliosema nitaurudia. Upo latitudo 40.6 kaskazini, longitudo 1.1 magharibi, umesimama peke yake katikati ya lava tambarare, na kivuli chake hakina pa kujikwaa. Unaonekana usiku uleule, kaskazini mwa Archimedes, kama punje nyeupe yenye mkia mweusi. Badilisha tu 20 iwe 40.6 na 2.9 iwe 1.1 kwenye hesabu ya pembe. Kimo chake ni kilomita 2.3 hivi. Ukipata kati ya 2.0 na 2.6, mikono yako, saa yako na kikokotoo chako viko sawa, hamia Apenini. Ukipata 3 na zaidi, rudi kwenye saa kwanza.